Karatasi Tupu Kwanza, Kitabu Baadaye

Kabla hujaenda kuazima kitabu cha mtoto wa jirani, chukua karatasi tupu na kalamu. Chora moyo wa binadamu. Usihangaike na uzuri wa mchoro. Boksi lenye vyumba vinne linatosha. Kisha weka mishale: damu inayopanda kutoka miguuni inaingia chumba kipi, inapelekwa wapi, inarudia wapi, na inatokea wapi kwenda kichwani. Ukimaliza, geuza karatasi, uandike kwa maneno yako Vita vya Majimaji vilianza kwa nini na vilianzia wapi. Jipe dakika kumi. Simu iache chumba kingine.

Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, miaka zaidi ya ishirini baada ya kuacha dawati, mishale yangu ilipishana kama bodaboda za Kariakoo. Upande wa pili niliandika "Kinjikitile", "maji", "risasi", nikakwama hapo. Maneno nilikuwa nayo, habari yenyewe sina. Aliyenisukuma kwenye karatasi hiyo ni binti yangu wa darasa la sita. Aliniuliza swali la kazi ya nyumbani, nikamjibu kwa ile sauti ya baba anayejua kila kitu, na kesho yake daftari likarudi na kosa la kalamu nyekundu. Hakuniambia neno. Aliliacha tu wazi mezani.

Ninayoandika hapa ni kwa mzazi wa namna hiyo, na kwa mtu mzima anayejiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, ili baadaye afanye kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Pia ni kwa yule ambaye hana mtihani wowote, anataka tu kukirudia kile alichowahi kufundishwa.

Karatasi ikishajaa, hapo ndipo kitabu kifunguliwe, usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Utagundua kwamba uliyoandika yana mafungu matatu: unayoyajua kweli, uliyowahi kuyasikia tu, na uliyoyashika kimakosa. Fungu la pili halina shida, ni kazi tu. La tatu ndilo baya, kwa sababu mtu haendi kutafuta kitu anachoamini anacho mfukoni. Mimi nilikuwa na hakika kwamba ateri zote hubeba damu yenye oksijeni nyingi. Kumbe ile inayotoka moyoni kwenda mapafuni hubeba damu iliyopungukiwa na oksijeni. Kanuni ni nyepesi kuliko nilivyoikariri: ateri huitoa damu moyoni, vena huirudisha moyoni, basi.

Makosa ya fungu hilo tunayo wengi, na mengine ni ya kizazi kizima. Waliosoma kabla ya mwaka 2006 walifundishwa sayari tisa, na mwalimu hakukosea. Mwaka huo Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliiondoa Pluto kwenye orodha, zikabaki nane. Wengine wanaamini msimu wa joto huja Dunia inapolikaribia jua. Lakini Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, wakati Ulaya iko kwenye theluji. Kinacholeta misimu ni mlalo wa mhimili wa Dunia, nyuzi 23.5 hivi. Na katika historia, sikiliza hotuba za harusini na misibani: "Tanzania ilipata uhuru mwaka 1961." Iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ni Tanganyika. Zanzibar ilipata wake tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964, Muungano tarehe 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania likaanza kutumika Oktoba mwaka huohuo. Kwa miezi sita hivi baada ya kuungana, nchi ilikuwa bado haijaitwa Tanzania.

Kwa upande wa vitabu, usianze na vya kidato cha nne hata kama mtihani wako ni wa kidato cha nne. Anza na vya darasa la tano hadi la saba, Sayansi na Teknolojia pamoja na Maarifa ya Jamii. Najua kuna aibu kidogo ya mtu mzima kukutwa kwenye daladala na kitabu chenye picha ya panzi jaladani. Kifunike gazeti. Vitabu hivyo vina faida ambayo vya juu havina: vinasema jambo moja kwa sentensi moja, na vinalisema kwa Kiswahili. Chukua kimoja kwa kila somo. Mwenye vitabu vitano huishia kuvipanga.

Sasa onyo juu ya kusoma kwenyewe. Kusoma sura ileile mara tatu huku ukipigia mistari ya rangi kunapendeza na kunadanganya. Kila ukirudia, maneno yanaonekana ya kawaida zaidi, ukadhani yameingia. Ni kama yule mtu unayepishana naye kila siku stendi: sura unaifahamu vizuri, lakini ukiambiwa mwite jina, huna. Kwa hiyo soma kurasa mbili, funga kitabu, uandike au useme kwa sauti ulichokipata. Utakapokwama, fungua uone palepale ulipokwamia, kisha funga tena. Kukwama huko kunauma kidogo, na ndiko kunakofundisha.

Sayansi ina njia nyingine ya kufunga kitabu, nayo ni kwenda jikoni. Chemsha maua ya rozela, yale ya juisi ambayo wengine huyaita choya, upate maji mekundu. Yagawe kwenye vikombe vitatu. Cha kwanza kamulia limau: wekundu unang'aa zaidi. Cha pili tia magadi yaliyoyeyushwa: rangi inageuka, inaelekea ubuluu au ukijani. Cha tatu tia chumvi ya kawaida, na hakuna kitakachotokea. Hapo umeshashika asidi, besi na kitu kisicho hiki wala kile bila kukariri mstari. Ukiwa bado na maji ya rozela, jaribu na sabuni ya kufulia, maji ya majivu, siki, maziwa yaliyoganda. Kabla ya kila kimoja, andika unachodhani kitatokea. Ukiruka hatua hiyo utabaki umetengeneza rangi tu.

Jaribio la pili linahitaji ayodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda inayouzwa duka la dawa. Dondoshea tone moja juu ya kipande cha ugali, jingine juu ya muhogo uliochemshwa, jingine juu ya sukari. Ugali na muhogo vitageuka rangi ya buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, kwa sababu vina wanga. Sukari haitabadilika hivyo. Kisha chukua ndizi mbili, mbichi na iliyoiva sana, uzikate na kuzidondoshea. Mbichi itakuwa nyeusi tii na iliyoiva itapata weusi kidogo tu. Wanga umegeuka sukari wakati ndizi ikiiva, ndiyo maana ulimi wako ulikuwa unalijua jambo hili kabla ya kitabu. Vipande hivyo vitupe, visirudi sahanini.

Ukitoka jikoni, mashine rahisi zimejaa uani. Watahiniwa huchanganya madaraja matatu ya nyenzo kila mwaka, ilhali siri yake ni swali moja: katikati kuna nini? Daraja la kwanza katikati pana egemeo, kama mkasi au pembea ya ubao. La pili katikati pana mzigo, kama toroli, ambalo egemeo lake ni gurudumu. La tatu katikati pana jitihada, kama kibano cha kushikia makaa. Egemeo, mzigo, jitihada: E, M, J. Mimi hukumbuka kwa "Eti Mama Juma". Ni upuuzi, na kwa kuwa ni upuuzi haunitoki.

Alama za elementi nazo huwatesa watu. Kwa nini sodiamu iandikwe Na? Kwa sababu jina lake la Kilatini ni natrium, lililotokana na natron, madini ya chumvichumvi ambayo sisi tunayajua kama magadi. Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, limebeba jina hilohilo. Tangu nilipounganisha ziwa, magadi ya kuivishia maharage na herufi mbili za kwenye jedwali, sijawahi kuikosa Na. Na tukiwa kwenye maharage: mtu wa Dar es Salaam akihamia Nairobi huona yanachelewa kuiva, akalaumu mkaa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Sufuria inatokota, ila haina joto lile la pwani. Swali la kitabuni juu ya mgandamizo na kiwango cha kuchemka limekwisha hapo.

Historia huwezi kuichemsha. Lakini unaweza kuipima kwa futi kamba. Tuseme kila mwaka ni milimita moja. Kutoka leo hadi uhuru wa Tanganyika hazifiki sentimita 7, upana wa kiganja. Mwaka 1498, Vasco da Gama alipofika Mombasa na Malindi, uko kama nusu mita. Mwaka 1331, Ibn Battuta alipoitembelea Kilwa, uko karibu sentimita 70, bado juu ya meza yako. Sasa tafuta fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana na Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Toka nje, utembee kilomita moja na robo tatu. Nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6 hivi, ziko mara mbili ya hapo. Nilimpeleka binti yangu kwa miguu hadi "kwenye fuvu" na tulirudi kwa bajaji. Tangu siku hiyo hachanganyi zama za mawe na zama za masultani.

Kwa miaka ya karibuni tumia kipimo kikubwa zaidi, sentimita moja kwa mwaka, kwenye kamba ya kuanikia na vibanio vya nguo. Usining'inize tarehe zote. Weka vigingi vichache tu: 1884, Mkutano wa Berlin unapoanza; 1905, Majimaji; 1914, vita kuu ya kwanza inayomwondoa Mjerumani; 1954, chama cha TANU kinazaliwa; 1961, uhuru; 1964, Mapinduzi na Muungano; 1967, Azimio la Arusha; 1978, Vita vya Kagera. Vingine vyote vitapachikwa katikati kwa kuuliza: kilikuwa kabla au baada ya kigingi kipi?

Kisha uza swali la "lini" ununue maswali mawili: "kwa sababu gani?" na "ikafuata nini?" Chukua upande wa Wajerumani. Mwaka 1888 kampuni yao ilikodi pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, na Agosti ya mwaka huo ikataka kupandisha bendera yake Pangani. Ikafuata nini? Vita vya pwani vilivyoongozwa na Abushiri, hadi aliponyongwa Desemba 1889. Kampuni ikashindwa kumudu, serikali ya Ujerumani ikachukua utawala yenyewe mwaka 1891, ikaanza kuingia bara. Ikafuata nini? Agosti 1891 ikakutana na Wahehe wa Chifu Mkwawa pale Lugalo, ikapigwa vibaya. Wajerumani wakarudi na mizinga, ngome ya Kalenga ikaanguka mwaka 1894, Mkwawa akaendelea kupigana msituni hadi kifo chake Julai 1898. Fuvu lake, ambalo Wajerumani waliondoka nalo, likarudi Uhehe mwaka 1954, mwaka uleule wa TANU: tazama kamba yako, vibanio viwili viko sehemu moja. Utawala uliokwisha kushika nchi ukataka mapato, ukalazimisha watu kulima pamba, na Julai 1905, kwenye vilima vya Umatumbi, watu wakaing'oa. Sasa rudi kwenye ile karatasi ya kwanza. Swali la Majimaji lina jibu lenye mwanzo na mwisho, na Kinjikitile, mganga aliyewaahidi watu maji ya kuzuia risasi, hasimami tena peke yake na maji yake.

Utakutana na vitabu visivyokubaliana. Kuhama kwa Sultani Seyyid Said kutoka Muscat kuja Zanzibar, kimoja kitaandika 1832, kingine 1840. Usikasirike, wala usichague kwa kura. Mtawala hahami kama mpangaji anayepakia godoro kwenye kirikuu. Alianza kuja na kuwekeza mapema, makao yakatulia baadaye. Andika miaka yote miwili kwenye daftari, na kwenye mtihani tumia ule wa kitabu cha darasani.

Chanzo kingine hakiuzwi dukani. Mfuate bibi au babu, umwamkie, ukae, umwache amalize chai. Usimuulize "Operesheni Vijiji ilikuwa mwaka gani?" Muulize nyumba yao ya zamani ilikuwa wapi na waliihamaje walipopelekwa kwenye kijiji kipya. Muulize walipangaje foleni ya sukari na unga baada ya Vita vya Kagera. Wazee wengi hawana tarehe za kuzaliwa, ila wana "mwaka wa nzige", "mwaka wa njaa", "mwaka aliokufa Sokoine". Huo wa mwisho, wa Waziri Mkuu Sokoine, ukiambiwa, unajua ni 1984. Mengine nenda ukayalinganishe na kitabu, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu huteleza miaka miwili mitatu, na wakati mwingine husogeza tukio zima ili lilingane na harusi yake. Adabu inataka usimsahihishe hapohapo.

Upangaji wa muda hauhitaji maelezo marefu. Nusu saa kila siku inashinda saa nne za Jumamosi. Kata kadi kutoka maboksi ya sabuni, upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Tafuta bahasha nne za kaki, uziandike: kesho, siku tatu, wiki, mwezi. Kadi uliyoijibu sawasawa inasogea bahasha ya mbele. Uliyokosa inarudi ya kwanza, hata kama ilikwishafika ya mwezi. Changanya sayansi na historia kwenye bahasha moja, kwa sababu mtihani na mtoto wako wote hawakutangulizii mada. Na swali lako liwe na meno. "Mkwawa alishinda Lugalo mwaka 1891, kwa nini basi Kalenga ilianguka?" ni kadi nzuri kuliko "Kalenga ilianguka lini?", na tarehe inaingia yenyewe.

Mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani iweke mwishoni, uitumie kama mizani. Nimeona watu wakianza nayo, wakakariri kwamba swali la saba jibu ni C.

Kuna kikwazo kimoja ambacho wenzetu wa nchi nyingi hawana. Msingi, katika shule nyingi za serikali, tulisoma kwa Kiswahili. Sekondari tukageuziwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyeijua usanisinuru vizuri anafika kidato cha kwanza na kufundishwa jambo lilelile kwa jina jingine, akadhani ni mada mpya ngumu. Tengeneza daftari la safu tatu: neno la Kiswahili, neno la Kiingereza, na maelezo yako mwenyewe yasiyozidi mstari mmoja. Anza na Kiswahili kwa sababu mara nyingi jina linajieleza. Usanisinuru ni kusanisi kwa nuru: mmea unaunganisha maji na kabonidayoksaidi kwa nguvu ya mwanga, unapata sukari na kuachia oksijeni. Kimiminika ni kile kinachoweza kumiminwa. Ukiwa na maana mkononi, lile jina la pili utalishika kwa siku mbili.

Kuhusu video fupi za simu nitasema tu hivi: zitazame baada ya kujaza karatasi tupu, usizitangulize. Na anayekueleza historia kwa sauti ya ngurumo na muziki wa filamu, mdai chanzo.

Kipimo changu cha mwisho ni kumweleza mtu asiyenistahi. Binti yangu anafaa sana kwa kazi hiyo. Juzi nilimweleza kwamba kivuli cha saa sita mchana hakifanani mwaka mzima, na kwamba kwa sisi tulio kati ya ikweta na tropiki, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Akasema hamna kitu kama hicho, mchana ni mchana. Sikubishana. Tulitazama kalenda. Kwa Dar es Salaam siku hizo huangukia mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Tumeizungushia hiyo ya Oktoba duara. Saa 6:10 mchana tutasimamisha chupa uani, mahali pasipo na mti, na daftari lake litakuwepo. Amesema kivuli kikionekana, ataleta kalamu nyekundu.